Marufuku ya Pombe na Haki ya Anayekatazwa



Miongoni mwa maswali ambayo watafutaji wa dini hutuuliza katika mji wa Mpanda na vijiji vya Katavi, liko moja lisilofaa kujibiwa kwa haraka. Muulizaji husema hivi: "Ninyi Waislamu mwaamini kuwa pombe ni haramu. Basi serikali inapoizuia, ingewapasa kushangilia. Mbona nanyi mwasikitika pamoja na wanaonung'unika?" Na mwingine, ambaye bado hajaweka chini kikombe chake, huuliza kwa upande wa pili: "Ikiwa sheria yenyewe imepangwa ovyo, mimi nina lazima gani ya kuifuata?"

Maswali haya mawili yaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Yote mawili yataka kujua kama ubaya wa kitu kinachokatazwa watosha kuifanya kila njia ya kukikataza kuwa njia ya haki.

Jawabu letu ni kwamba hautoshi. Pombe ni mbaya, na neno hilo hatulipunguzi hata chembe. Lakini mwenye kukataza naye ana deni kwa yule anayemkataza, na deni hilo lisipolipwa, marufuku huzaa chuki badala ya toba. Tafadhali tufuatane pole pole. Kwanza tutazame mambo yalivyotokea katika nchi yetu na nchi nyingine, kisha tuyapime kwa mafundisho ya dini.

Yaliyotokea mwaka 2017

Mwezi wa Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa katika ziara ya mkoa wa Manyara, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi 2017 itakuwa marufuku kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia pombe kali iliyofungwa katika vifuko vya plastiki, vile ambavyo kila mtu alivijua kwa jina la viroba. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito. Kiroba kiliuzwa kwa bei ndogo, hata shilingi 500. Kiliingia katika mfuko wa sare ya mwanafunzi bila ya mwalimu kutambua. Mwendesha bodaboda aliweza kukimaliza kwa mkupuo mmoja huku akingoja abiria. Na vifuko vitupu vilitapakaa mitaroni na mashambani. Hakuna mwenye akili timamu ambaye atalia matanga ya kiroba.

Lakini iangalie namna jambo lilivyofanywa. Baina ya tangazo na utekelezaji zilikuwapo kama wiki mbili tu. Mpanda si Dar es Salaam. Reli ya tawi itokayo Kaliua huishia hapo, na barabara ziendazo Tabora na Sumbawanga ni ndefu. Mwenye duka wa mahali kama hapo hununua mzigo wa miezi, pengine kwa mkopo, kwa kuwa hajui gari jingine litafika lini. Mtu huyo alikuwa amenunua bidhaa iliyoruhusiwa, kutoka kiwanda kinacholipa kodi. Alilala akiwa mfanyabiashara, akaamka akiwa mhalifu, na mali ya mkopo ingali rafuni.

Liko na jambo la pili. Sheria iliyotumika ilikuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na aliyeisimamia alikuwa January Makamba, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Rais aliyeshughulikia Muungano na Mazingira. Maana yake, kilichopigwa marufuku kisheria kilikuwa kifuko. Kilevi chenyewe hakikuguswa. Basi pombe kali iliendelea kuuzwa katika chupa ndogo, kwa leseni na kwa kodi. Raia aliyeyaona hayo alijiuliza: "Kilichokuwa kikituharibia vijana ni ulevi au ni plastiki?" Nasi twakiri kwamba swali lake lina haki ya kujibiwa.

La tatu ni hili. Mwezi wa Juni mwaka huohuo serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Katavi, Rukwa na Ruvuma ni mikoa yenye kuvuna mahindi kwa wingi, na bei ikaanguka. Kila mtu wa kijijini anajua kinachofuata gunia linapokosa mnunuzi. Debe lisilotosha kununua daftari la mtoto, likipikwa komoni laweza kununua daftari na kalamu. Hivyo marufuku moja yaweza kuwasha jiko ambalo marufuku nyingine yataka kulizima. Serikali inayotaka watu wasipike pombe yapasa kwanza kutazama wanapata nini kwa nafaka yao.

Nani ananung'unika?

Ndugu msomaji, tusiwachanganye wote wanaolalamika katika kapu moja. Yuko mnywaji anayelalamika kwa sababu starehe yake imekatizwa; huyu tutamjibu baadaye. Yuko mwenye duka aliyepoteza mtaji. Na yuko mwanamke mpika pombe, ambaye sauti yake husikika kwa nadra sana ijapokuwa yeye ndiye anayeguswa zaidi.

Mwanamke huyu yumo katika kila kata ya Katavi. Huenda ni mjane, huenda mumewe amekwenda machimbo ya dhahabu asirudi. Hupika komoni kwa mahindi na ulezi, au wanzuki kwa asali ya misitu yetu ya miombo. Wengine huvuka mpaka wakachemsha gongo, ambayo hairuhusiwi, kwani Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 haimwachi mtu kuikeneka nyumbani kwake bila ya leseni. Msako ukija, mapipa yake humwagwa, vyungu huvunjwa, naye hupelekwa mahakamani au hutoa kitu kidogo ili aachiwe. Siku hiyohiyo, kwa barabara hiyohiyo, lori la bia hupita likiwa na vibali vyote.

Hapo ndipo huuliza: "Je, ya kwangu ni dhambi na ya kwao ni maendeleo?" Swali lake si la kipumbavu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali yenyewe iliingia katika umiliki wa kiwanda cha bia, na mwaka 1993 ikauza sehemu kubwa ya hisa zake kwa kampuni ya Afrika Kusini. Hata leo ushuru wa bia na pombe kali ni tegemeo la hazina katika kila bajeti. Watu hawawezi kuamini kwamba mwenye kukataza anawaonea huruma, ikiwa wanamwona akihesabu faida ya kitu kilekile.

Ushahidi wa nchi nyingine

Watu wetu hawakuanza kuzuiliwa pombe mwaka 2017. Katika mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919, mataifa yaliyotawala Afrika yalikubaliana kuzuia pombe kali isiwafikie Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Katika Tanganyika ya Waingereza Mwafrika alikatazwa pombe kali kwa sababu ya rangi yake, ilhali Mzungu aliinywa klabuni bila ya kuulizwa. Matunda ya ubaguzi huo yalikuwa machungu. Kukatazwa kulionekana kuwa dharau, na chupa iliyokatazwa ikapata heshima isiyostahili. Wengi walidhani kwamba kuinywa ni dalili ya uhuru, hali ya kuwa walikuwa wakijifunga pingu nyingine.

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920. Yatupasa kusema kweli: katika miaka ya mwanzo unywaji ulipungua, na vifo vya ugonjwa wa ini litokanalo na ulevi vilipungua pia. Lakini wauzaji wa siri waliongezeka, magenge yakatajirika, na maofisa wengi wakala hongo. Mnamo Desemba 1933 marufuku iliondolewa. Sheria ilikuwa imewatangulia watu, nao hawakuifuata.

Jirani zetu wa Kenya waliweka sheria ya kuzuia chang'aa mwaka 1980. Chang'aa haikutoweka, ilijificha. Mwezi wa Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe ya bei rahisi iliyotiwa sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Waliokufa walikuwa maskini, vibarua na akina mama. Kinywaji kilichopikwa gizani hakina mkaguzi. Mwaka 2010 sheria mpya iliifuta ile ya kale, ikaruhusu chang'aa chini ya leseni na masharti. Uganda nayo iliviondoa vifuko vya pombe mwaka 2019, na kuagiza kuwa pombe kali isifungwe katika chombo cha chini ya mililita 200.

Mtu asije akasema kwamba twataka kuonyesha kuwa vizuizi vyote ni bure. La, sivyo. Afrika Kusini ilipozuia uuzaji wa pombe kwa vipindi kadhaa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, hospitali zilipokea majeruhi wachache zaidi. Kisu hakichomolewi ovyo mahali ambapo hakuna mlevi. Kwa hiyo kuzuia kuna faida, na serikali inayojaribu kuwalinda watu wake haistahili kubezwa. Tunachotafuta ni njia ambayo kwayo kizuizi huingia moyoni mwa mtu na kukaa humo.

Njia aliyoifuata Mwenyezi Mungu

Sasa tuitazame Madina. Waarabu wa zama zile walikuwa watu wa mvinyo. Waliuimba, waliurithisha, na hapakuwa na karamu bila ya mvinyo. Mwenyezi Mungu, Ambaye hana haja ya kura wala ya kodi, angaliweza kuuharamisha siku ya kwanza. Hakufanya hivyo. Tangu wahyi wa kwanza hata kuharamishwa kwa ulevi kabisa ilipita miaka 15 au zaidi.

Katika Makka iliteremshwa aya inayotaja matunda ya mitende na mizabibu, ikatenga baina ya kilevi kinachotokana nayo na riziki njema (16:68). Hapakuwa na amri hapo, lakini mwenye kusikiliza alitambua kuwa vitu hivyo viwili haviko daraja moja. Kisha katika Madina, watu walipouliza, wakajibiwa kwamba katika ulevi na kamari mna madhara makubwa na manufaa kwa watu, na kwamba madhara yake yapita manufaa yake (2:220). Tazama uadilifu huu! Mwenyezi Mungu hakukana kwamba ulevi una manufaa kwa baadhi ya watu. Ni mara ngapi tumewasikia wakubwa wakizungumza na mpika pombe kana kwamba watoto wake hawakupata kula kwa kazi hiyo?

Hatua ya tatu iliwakataza waumini wasiikaribie Sala wakiwa wamelewa (4:44). Huu ulikuwa wakati wa masharti ya saa. Serikali nazo huweka saa za kufungua na kufunga vilabu, na watu huzikasirikia kwa kuwa hawaoni zimefungamana na nini. Saa za Madina zilifungamana na Sala tano. Mtu aliyetaka kusimama mbele ya Mola wake alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, alijikuta hana nafasi ya kulewa isipokuwa usiku mwingi. Muda wa ulevi ulipunguzwa kwa kujazwa na kitu bora kuliko ulevi.

Kisha ndipo ilipokuja amri ya mwisho (5:91-92). Nayo haikuja bila ya sababu. Ilieleza kuwa shetani hutumia ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mungu na wasisali. Tena aya hiyo yaishia kwa swali linaloelekezwa kwa waumini wenyewe, kama wataacha. Wapokezi wanasimulia kwamba Hadhrat Umar r.a. alijibu kuwa wameacha. Sheria iliyouliza ilipata jawabu.

Kabla ya amri hiyo, ndugu msomaji, palitokea jambo ambalo kila mtunga sheria angelifikiri sana. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Hadhrat Abu Said al-Khudri r.a. ya kuwa Mtume Mtukufu s.a.w. aliwatangazia watu kwamba Mwenyezi Mungu anaashiria jambo juu ya mvinyo, na huenda karibuni akateremsha amri. Basi mwenye kuwa nao auuze na kujinufaisha nao kabla. Hiyo ndiyo taarifa kwa mwenye mzigo ghalani. Mtume s.a.w. aliuona mtaji wa mfanyabiashara kuwa jambo la kujaliwa, ijapokuwa bidhaa yenyewe ilikuwa inakaribia kuitwa uchafu. Na amri ilipofika hakukuwa tena na mlango wa kuuza wala wa kuzawadia. Taarifa ilikuwa ya kweli, na mwisho wake nao ulikuwa wa kweli.

Matokeo yake yalikuwaje? Hadhrat Anas r.a., ambaye siku hiyo alikuwa akiwahudumia wanywaji nyumbani kwa Abu Talha, anasimulia kwamba waliposikia sauti ya mpiga mbiu, mwenye nyumba alimwamuru amwage, na mvinyo ukatiririka katika njia za Madina. Hapakuwa na msako. Kila mtu alikuwa mgambo wa nafsi yake. Naye Hadhrat Aisha r.a. ametueleza siri yake: kwanza ziliteremshwa sura zinazotaja Pepo na Moto, na mioyo ilipotulia katika Uislamu ndipo halali na haramu zikaja. Anasema kwamba lau amri ya kwanza ingalikuwa kuacha mvinyo, watu wangalisema hawatauacha kamwe.

Haki nne za anayekatazwa

Kutokana na mfano huu twapata haki nne, ambazo yafaa kila mwenye mamlaka azikumbuke, awe waziri, mkuu wa wilaya, mtendaji wa kijiji au baba katika nyumba yake.

Kwanza, anayekatazwa ana haki ya kuelezwa sababu, tena sababu iliyo ya kweli. Ukikusudia kuzuia ulevi, sema ulevi, usiseme plastiki. Watu wakigundua kuwa sababu iliyotajwa siyo sababu yenyewe, hawataiamini hata ile ya kweli utakapoitaja.

Pili, ana haki ya kupewa muda. Muda huo si ruhusa ya kuendelea na ubaya. Ni nafasi ya kutoka humo bila ya kuangamia.

Tatu, ana haki ya usawa. Mtume Mtukufu s.a.w. hakuishia kumlaumu mnywaji. Katika Hadithi mashuhuri lawama imewafikia watu kumi kuhusu ulevi: mwenye kuukamua, mwenye kukamuliwa, mbebaji, mwenye kubebewa, mnyweshaji, muuzaji, mnunuzi, na hata mwenye kula thamani yake. Basi sheria inayomshika bibi mwenye chungu na kumwacha mwenye kiwanda, huku hazina ikila thamani, imeukata mnyororo mahali palipo dhaifu na kuuacha mahali penye nguvu. Haki ina mizani moja.

Nne, ana haki ya kuonyeshwa riziki nyingine. Kurani Tukufu, mara tu baada ya kutenga baina ya kilevi na riziki njema, inamtaja nyuki na asali yake ambayo ndani yake mna shifa kwa watu (16:69-70). Sijui kama kuna mahali panapostahili kuzingatia aya hizi kuliko Katavi. Asali ya Mlele na Inyonga ikichachushwa huwa wanzuki unaompotezea mtu akili na mshahara. Ikichujwa na kufungwa vizuri huwa dawa na biashara. Mzinga ni uleule, na mkono ni uleule. Kinachokosekana mara nyingi ni soko, chombo safi, mkopo mdogo na mtu wa kumwelekeza yule mama. Gharama ya misako michache yaweza kutosha kuanzisha kazi hiyo katika kijiji kimoja.

Je, mnywaji amepata udhuru?

Huenda yule muulizaji wetu wa pili sasa anatabasamu, akidhani tumemtetea. La hasha! Ubovu wa sheria haumsafishi mlevi. Ikiwa ukuta umejengwa kombo, sumu iliyo nyuma yake haigeuki kuwa maziwa. Mkeo anayengoja hela ya unga hajali kama pombe uliyokunywa ilikuwa ndani ya kifuko au chupa. Mtoto anayejifunika blanketi anaposikia hatua zako mlangoni hakuathirika na upungufu wa mipango ya serikali. Ameathirika na wewe. Wakati wa kuuza tumbaku fedha huingia mikononi mwa wakulima wetu kwa siku chache, na siku hizo ndizo ambazo nyumba nyingi hupoteza jasho la mwaka mzima. Hapo serikali haijamlazimisha mtu kuinua kikombe.

Tena, Kurani Tukufu imetuamuru kuwatii wenye mamlaka (4:60). Sheria iliyotungwa kwa pupa ingali sheria, maadamu haikuamuru kumwasi Mwenyezi Mungu. Sheria inayozuia ulevi iko mbali na kuamuru uasi. Basi anayeona dhuluma katika utekelezaji wake na aseme mbele ya diwani, mbunge na mkutano wa kijiji, aandike barua, adai muda na usawa. Hayo ni haki yake. Kupika gizani, kumhonga mgambo au kuchanganya kemikali ili kikali kiwe kikali zaidi si malalamiko. Hayo ni kuongeza dhuluma juu ya dhuluma, na wa kwanza kudhulumiwa ni jirani yako maskini atakayekunywa.

Kwako uliyeingia katika dini karibuni

Neno la mwisho ni lako wewe uliyeukubali Uislamu karibuni, hasa uliyezaliwa katika nyumba iliyoishi kwa pombe. Umeacha kunywa, na twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini mama yako angali anapika. Huenda ada yako ya shule ilitoka katika mtungi ule. Sasa wasikia kwamba msako unakuja, na moyo wako umegawanyika: je, ufurahi kuona haramu ikimwagwa, au ulie kuona mama akiburutwa?

Dini haikutaki uchague mojawapo kwa kuiua nyingine. Hata wazazi wanaomshurutisha mtoto amshirikishe Mungu, Kurani Tukufu imesema wasitiiwe katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema (31:16). Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo katika shirki, dhambi iliyo kubwa kuliko zote, itakuwaje katika chungu cha komoni? Usile tena thamani ya pombe ikiwa waweza kujipatia riziki yako, wala usimsaidie kuipika. Lakini usisimame mlangoni ukimhubiria kwa mdomo tu. Mpelekee unga. Mnunulie mizinga miwili. Mtafutie mnunuzi wa asali, au mtaji wa kuuza mchele na maharage. Mpe muda, kama ambavyo Mtume s.a.w. aliwapa muda wale wa Madina, na muda huo uwe na mwisho unaojulikana baina yenu kwa heshima. Siku atakapoligeuza chungu lake mwenyewe, halitapikwa tena. Likivunjwa na mgambo, kesho atanunua jingine.

Hapo utaona kwamba ulichokuwa ukikidai kwa serikali, yaani sababu ya kweli, muda, usawa na riziki badala, wewe umekitimiza kwanza katika nyumba moja. Anayewadai wakubwa uadilifu na kuwanyima wa nyumbani mwake, madai yake hayana uzito.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu hekima ya kukataza kwa huruma, awape watu wetu nguvu ya kuacha kwa hiari, na awafungulie akina mama wa Katavi milango ya riziki iliyo safi. Amin.